Wasia wa Mwana Kupona tumeusoma nusu

Leo nataka kukusimulia maisha ya mwanamke mmoja wa pwani aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kabla ya hapo sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonilazimisha nimsome mwanamke huyo upya.

Mwaka 2004 binti wa dada yangu aliolewa Ifakara. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, nyumba zina chakula, na kama kawaida ya bonde la Kilombero, huo ndio msimu wa harusi. Nilipanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam nikiwa na kijitabu mfukoni. Upande wa bwana harusi walitoka ng'ambo ya mto, Lupiro, wakavuka kwa kivuko, maana wakati huo daraja halikuwapo. Daraja lilikuja kufunguliwa mwaka 2018. Baada ya khutba ya nikah wazee wakaona mimi mjomba mtu, tena mkaazi wa mjini, nitoe nasaha. Nikafungua kijitabu changu, nikasoma baadhi ya beti za Utendi wa Mwana Kupona na kuzifasiri kwa Kiswahili chetu cha bara.

Nilisoma beti zipi? Zile ambazo kila mtu huzipenda harusini. Radhi ya mume. Mke asitoke bila idhini. Mume ahudumiwe kama mtoto mchanga. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika, shangazi zetu wakapiga vigelegele, na mimi nikakaa chini nikijiona nimefanya jambo kubwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2007, dada yangu alinipigia simu. Ndoa ya binti inataka kuvunjika, akaniomba nije niwe mwamuzi wa upande wetu, kama Sura An-Nisaa, aya ya 35, inavyotuelekeza: mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanaolijua bonde lile wanajua kwamba mpunga haulimwi ukiwa umekaa nyumbani. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia shambani, zikakaa huko miezi kadhaa. Wanajenga dungu, na humo ndimo mtu anamolala na kuangalia ndege na wanyama wasimalize mpunga. Mpwa wangu alikuwa na ekari zake mbili alizopewa na mama yake. Alilima, akapanda, akapalilia, akawinga ndege, akavuna. Gunia zikaletwa mjini, zikawekwa stoo. Yeye akarudi shambani kumsaidia mama yake amalizie kuvuna. Aliporudi tena nyumbani, stoo ilikuwa tupu. Mumewe, ambaye ni mnunuzi wa mpunga, alikuwa ameuza gunia zote na fedha akaziingiza kwenye biashara yake bila hata kumwambia mwenye mali.

Binti akafunga virago, akaenda kwa mama yake. Mume akasema hamrudishi mpaka aje apige magoti aombe radhi, kwa kuwa ametoka nyumbani pasipo idhini. Na ushahidi wake ulikuwa upi? Alinikazia macho mbele ya wazee, akakumbusha kwamba ni mimi niliyesoma harusini kwamba pepo ya mke ipo katika radhi ya mumewe. Sheikh aliyekuwapo akanitazama. Dada yangu akanitazama. Sikuwa na la kujibu.

Niliomba kikao kiahirishwe kwa wiki moja. Nikarudi Dar es Salaam, nikakisoma kile kijitabu kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na nikatafuta habari za aliyekitunga. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea.

MSICHANA WA PATE

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo. Pate haikuwa kijiji. Kwa muda mrefu ilikuwa dola yenye masultani wake, majumba ya mawe, biashara ya majahazi na wanazuoni. Ilikuwa pia moja ya vitovu vikubwa vya ushairi wa Kiswahili. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita kati ya Waislamu na Warumi, ulitungwa huko mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayolilia majumba ya Pate yaliyogeuka magofu na matajiri wake waliogeuka udongo, nayo ni zao la kisiwa hicho.

Kwa hiyo binti wa kiungwana wa Pate alikulia katika mji ambao beti zilikuwa sehemu ya maisha. Alisoma Qur'an, alijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alisikia tendi zikisomwa kwa sauti majumbani. Sisi wa leo tunapomfikiria mwanamke wa zamani tunamdhania hana elimu na hana kauli. Mwana Kupona alikuwa na vyote viwili.

Lakini Pate aliyoikuta ilikuwa inaporomoka. Mnamo mwaka 1812 au 1813 watu wa Pate, wakishirikiana na Mazrui wa Mombasa, walishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Seyyid Said hakuwa mtu wa kuombwa mlangoni akaishia mlangoni. Akaweka mguu Lamu, akaendelea kusini na kaskazini, na ilipofika mwaka 1837 hata Mombasa ilikuwa mkononi mwake. Visiwani kule ulibaki mji mmoja mkaidi. Mji huo ni Siyu.

MUME WA VITA

Siyu upo katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Ulisifika kwa mafundi wake: wachonga milango, washona viatu vya ngozi, wafua panga, na zaidi ya wote, waandishi wa misahafu. Misahafu ya Siyu iliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi imehifadhiwa mpaka leo na ni hazina ya Uislamu wa Afrika Mashariki.

Mtawala wa mji huo alikuwa Sheikh Mataka, maarufu kwa jina la Bwana Mataka. Huyu ndiye mume wa Mwana Kupona. Bwana Mataka alikataa katakata kuwa chini ya Zanzibar. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka majeshi kuivunja Siyu. Watu wa Siyu waliwavizia kwenye vichaka na mikoko, jeshi likatawanyika, na jemadari aliyeliongoza akauawa. Kwa mtawala aliyekuwa amezoea ushindi pwani nzima, kushindwa na mji mdogo kama ule kulikuwa fedheha kubwa.

Tafakari basi, ndugu msomaji, maisha ya ndani ya nyumba ile. Mume ni mtu anayewindwa na dola. Kila jahazi linaloonekana baharini linaweza kuwa la mfanyabiashara au la askari. Leo ushindi, kesho mazungumzo, keshokutwa vita tena. Katika hali hiyo Mwana Kupona aliishi na mumewe, wakazaa naye binti, Mwana Hashima, na mtoto wa kiume.

Ndani ya utendi wake kuna mahali anaacha kunasihi na kuanza kusimulia ndoa yake mwenyewe. Hapa ndipo niliposimama nikarudia kusoma mara tatu, kwa sababu harusini niliparuka. Anasema waliishi kwa furaha, hawakugombana hata siku moja. Mume hakuona baya kwake, wala yeye hakuona baya kwa mumewe. Kisha mauti yalipomfikia, mume alimtamkia radhi yake mara kwa mara, akamshukuru, mpaka moyo wa mke ukatua. Tangu siku hiyo, anasema, hajanyamaza kulia kila anapokumbuka mazoea yao.

Je, umeona jambo hapo? Anasema hakuna aliyeona ubaya kwa mwenzake. Pande zote mbili. Wema ule haukuwa wa mke peke yake. Na radhi anayoizungumzia haikuwa fimbo iliyotundikwa ukutani ili mke aitazame kila akiingia na kutoka. Ilikuwa shukrani ya mwanamume anayekata roho kwa mwanamke aliyeishi naye vizuri katika dunia ya vita. Mume aliitoa mwenyewe, na aliirudia.

KALAMU NA WINO

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Ni mwaka huo huo ambao Seyyid Said alifia baharini akiwa njiani kurudi Zanzibar kutoka Oman. Mahasimu wawili waliondoka pamoja, lakini uhasama walituachia. Siyu ilibaki mikononi mwa watoto wa Mataka, na Zanzibar ikaingia kwa Seyyid Majid.

Mwana Kupona akabaki mjane. Kisha akapata maradhi. Mwaka 1275 Hijria, sawa na mwaka 1858 Miladia, akiwa ameugua kwa takriban mwaka mzima, alimwita binti yake akae karibu naye na alete karatasi na wino. Ndivyo utendi unavyoanza. Anamwambia binti kwamba muda wote huo hakupata nafasi ya kumpa nasaha njema, sasa asogee, aandike kwa jina la Allah.

Ukiyajua mazingira hayo, utendi mzima unabadilika. Anayesema ni mama anayejua kuwa ataondoka karibuni. Baba wa mtoto keshaondoka. Maadui wa familia wako hai na wana nguvu. Binti ni kijana, ataolewa au ameshaolewa, na hatakuwa na mama wa kumkimbilia. Mama amwachie nini? Mali inaweza kuporwa. Ngome inaweza kubomolewa. Anamwambia binti kwamba anamtengenezea hirizi ya kuvaa na kidani cha lulu na marijani, na hirizi hiyo na kidani hicho ni maneno haya.

Na maneno yenyewe yanaanzia wapi? Hayaanzi kwa mume. Jambo la kwanza ni dini: ashike faradhi, na sunna akiweza asiiache. La pili ni adabu na ulimi mzuri ili apendwe popote aingiapo. Kisha ukweli na uaminifu. Anamfundisha kuwapokea wageni kwa uso mkunjufu, kuwatania watu bila kuwaudhi, kuepuka umbea na makundi ya wajinga. Baadaye anamhimiza awapende maskini na asiwadharau. Haya yote ni mafunzo ya mtu mzima anayejitegemea kwa heshima yake. Katikati ya haya ndimo yanamoingia ya mume, na baada yake inakuja dua ndefu: anawaombea wanawe na ndugu zake, anamwomba Allah amsamehe madhambi, amwondolee maradhi, asimfedheheshe.

Utendi wote una beti mia moja na ushei. Mimi nilisoma kumi na kitu.

BETI NILIZOZISOMA

Turudi kwenye beti zile za mume, kwani siwezi kusema hazipo. Zipo, na si za kuonea haya. Mwana Kupona anasema radhi za kutafutwa ni za Allah, Mtume wake, baba, mama, na mume ni wa tano. Anamwambia binti asimwamshe mume kwa kelele, ampepee, amkande mwili, amnyoe, amtengenezee ndevu, afukize udi, ajipambe. Amlee kama mtoto asiyejua kusema. Asitoke bila ruhusa, na akitoka asichelewe.

Nilipozisoma mara hii nilicheka kidogo. Mume anayezungumziwa na mama huyu ni mfano wa mwanamume aliyeyafukuza majeshi ya Seyyid Said. Na mkewe anamwona kama mtoto mchanga anayehitaji kupepewa ili alale! Mwenye nguvu hapo ni nani? Mama anamfundisha binti siri za nyumba: namna mwanamke mwerevu anavyomtuliza mwanamume na kutawala kwa upole. Ni maneno ya chumbani, ya mama kwa bintiye, ambayo mama mwenyewe anawakaribisha wanawake wenziwe wayasome wayafahamu. Hakuyaandika ili wakwe na wajomba wayasome kwa kipaza sauti kama hukumu ya mahakama.

Kuna jambo la pili ambalo sharti lisemwe wazi. Mwana Kupona alikuwa mwanamke wa tabaka la juu katika jamii yenye watumwa. Utendi wenyewe unawataja: anamkataza binti asichanganyike nao isipokuwa kwa kazi. Waliotwanga, walioteka maji na waliolima mashamba ya waungwana wa visiwa vile walikuwa watumwa. Hilo ni doa la zama zile na hatuna sababu ya kulificha. Lakini pia linatueleza kuwa amri ya kukaa ndani ilimhusu mwanamke aliyeletewa kila kitu ndani. Zaidi ya hapo, kwa desturi ya waungwana wa Lamu na Pate, mzazi mwenye uwezo alimpatia bintiye nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mwanamke aliyeambiwa asitoke nyumbani bila ruhusa mara nyingi alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Sasa linganisha na mwanamke wa Kilombero. Huyu ndiye mkulima. Anainama kwenye matope kuanzia mvua za kwanza. Analala kwenye dungu, anasikia viboko mtoni usiku. Mchele tunaousifia mijini, ule wa Ifakara unaonukia, umepita mikononi mwake. Utamtoaje shambani kwa miezi, ule jasho lake, kisha siku akidai haki yake umsomee beti za mwanamke wa jumba la mawe? Huko ni kuchukua wajibu wa watu wawili ukamtwika mmoja. Ukitaka akae ndani kama mke wa Bwana Mataka, basi mlishe kama mke wa Bwana Mataka.

MWISHO WAKE

Mwana Kupona hakuishi muda mrefu baada ya utendi. Alifariki mnamo mwaka 1860. Alichokiogopa kilitokea: katika miaka ya 1860 Seyyid Majid aliipata Siyu, na mmoja wa watoto wa Bwana Mataka akafia kifungoni katika ngome ya Mombasa. Utawala ule ulikwisha. Ngome ya Siyu ipo mpaka leo, watalii wanaipiga picha, lakini ni wachache wanaomkumbuka aliyeitawala.

Maneno ya mjane mgonjwa ndiyo yaliyobaki. Wanawake wa Lamu na Pate waliyanakili na kuyahifadhi vichwani, wakawasomea mabinti zao. Muhammad Kijuma, mwandishi na mshairi wa Lamu, aliyanakili kwa hati yake nzuri. Mwingereza Alice Werner aliyachapisha mwaka 1917, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakayatoa tena kuwa kitabu. Tangu hapo hakuna mtu anayesoma fasihi ya Kiswahili vyuoni asiyekutana nayo. Wapo wanaoyasifu kuwa ni maadili, wapo wanaoyalaani kuwa ni pingu. Wengi wa pande zote mbili wamesoma beti zile zile kumi na kitu nilizozisoma mimi.

Na tusidhani wasia wa namna hii ni wa kina mama kwa mabinti tu. Marehemu Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati. Lakini hakuishia hapo. Alimwandikia na mtoto wake wa kiume Utenzi wa Adili. Naye alipofiwa na mkewe, alimlilia kwa shairi lenye jina la mkewe huyo, Amina. Mwanamume wa Kiswahili, Muislamu, hakuona aibu kusema hadharani kwamba alimpenda mkewe. Nawauliza akina baba wenzangu: tumewahi kumsomea bwana harusi nini, zaidi ya kumpongeza?

KIKAO CHA PILI

Nilirudi Ifakara wiki iliyofuata. Tulikaa barazani kwa mzee mmoja, mume na jamaa zake upande mmoja, sisi upande wa pili, sheikh katikati. Nilianza kwa kuomba msamaha mbele ya wote. Niliwaambia kwamba mwaka 2004 niliwasomea nusu ya wasia, na nusu ya wasia ni sawa na nusu ya ushahidi. Kisha nikawasimulia kama nilivyokusimulia wewe: vita, maradhi, karatasi na wino, na radhi ile iliyotolewa kitandani pa mauti.

Mume alisikiliza kimya. Alipouliza, aliuliza swali la haki kabisa. Alitaka kujua kama namaanisha mke anaweza kuondoka nyumbani apendavyo. Nikamjibu kuwa hapana, na kwamba hata mpwa wangu alikosea kuondoka bila kuwaita wazee kwanza. Lakini nikamuuliza yeye: je, Bwana Mataka aliuza mali ya mkewe akiwa shambani? Sheikh akanipokea hapo. Akakumbusha Sura An-Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Na aya ya 19 ya sura hiyo hiyo, inayowaamuru wanaume wakae na wake zao kwa wema. Akakumbusha pia kwamba Mtume (s.a.w) alimhesabu kuwa mbora yule aliye mbora kwa mkewe. Kumlisha mke ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni ya mke. Hapo hapana utenzi unaoweza kutengua.

Mwamuzi wa upande wa mume, mzee mwenye busara kutoka Lupiro, ndiye aliyemaliza shauri. Alimwambia kijana wake kuwa deni ni deni, hata likiwa la mke. Mume akakubali kulipa gunia zile kwa misimu miwili. Mke akakubali kurudi, naye akaomba radhi kwa kuondoka kimya kimya. Mume, baada ya kusita kidogo, naye akaomba radhi. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo katika suluhu yoyote niliyohudhuria.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yalikuwa mazuri tangu siku hiyo. Gunia za msimu wa kwanza zililipwa zote. Za msimu wa pili zilichelewa, ikabidi yule mzee avuke mto tena. Wanaishi pamoja hadi leo na wana watoto wanne. Lakini tangu wakati ule mpunga wa mpwa wangu hauhifadhiwi tena nyumbani kwa mumewe. Kila mwaka ukivunwa unapelekwa stoo kwa mama yake, na ufunguo anao yeye. Mume analijua hilo na hasemi kitu. Kila nikienda Ifakara nikauona ule mlango wa stoo, nakumbuka kazi niliyoifanya kwa kijitabu changu.

Ndugu msomaji, msimu wa harusi haukosekani katika miji yetu. Utendi wa Mwana Kupona utasomwa tena, kwenye singo, kwenye makungwi na kumbini. Usomwe, ni urithi wetu. Ila usomwe wote. Anayesoma beti za radhi asome na beti za mjane anayelia kwa kuwa mumewe alikuwa mwema kwake. Na kabla ya kumwita bibi harusi aje asikilize, aitwe kwanza bwana harusi, aulizwe kama yuko tayari kuwa mume wa kuliliwa namna ile.

Allah amrehemu Mwana Kupona binti Msham, na amsamehe kila aliyeyakata maneno yake katikati, nami nikiwamo. Wabillahi tawfiq.